Kushikana kwa Watu wa Lukwizi

Zamani hizo, watu wa bonde la Lukwizi hawakuwa na neno la kutaja kutembea ndani ya maji. Walikuwa na neno la kuogelea, la kupiga kasia na la kuzama. Mto ukifurika, mwenye mtumbwi alivuka, asiye nao alingoja. Na neno kushikana kwao lilikuwa la mikono tu.

Enzi hizo pia mwanamume na mama mkwe wake hawakukaribiana kabisa. Wakikutana njiani, mwanamume aliingia majanini akageuka nyuma, na mama alijifunika uso akapita. Hawakusemezana. Kugusana kulikuwa kosa la kuvunja ndoa, na binti alirudishwa kwao.

Basi alikuwako mjane mmoja aitwaye Sikuzani, mfupi wa umbo, hodari wa kulima mpunga. Mwanawe wa pekee, Tabu, aliolewa na Matimbwa, na Sikuzani alimpenda mkwe huyo kimoyomoyo kwa jinsi alivyomwona binti yake akinawiri. Sura yake hasa hakuijua. Alijua mgongo wake, mwendo wake, na namna alivyokohoa kabla ya kuingia uani ili yeye apate nafasi ya kuondoka.

Mwaka mmoja, mpunga ulipokuwa unaiva, Sikuzani alikuwa shambani ng'ambo ya mto, juu ya dungu, akifukuza ndege. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, bondeni hata tone, kwa hiyo hakuwa na habari. Alasiri akasikia kikohozi anachokijua. Matimbwa alikuwa amesimama mbali, amempa mgongo, anasema na kichuguu kilichokuwa mbele yake.

"Kichuguu, mwambie mama aliyeko juu kwamba maji yanapanda. Mtumbwi umechukuliwa na maji. Nimekuja kwa miguu, na bado panapitika, lakini si kwa muda mrefu."

Sikuzani akainamia chungu chake. "Chungu, mwambie aliyekuja kwamba nimesikia. Atangulie."

Wakaingia mtoni, Matimbwa mbele akipapasa chini kwa fimbo, Sikuzani nyuma kwa umbali wa heshima, chungu kichwani. Maji yalianzia magotini, yakapanda mapajani. Yalipomfika Matimbwa kiunoni, Sikuzani yalimfika kifuani. Alihisi mchanga ukimtoroka chini ya nyayo kila alipotua mguu. Chungu kikamponyoka, kisha ile nguo ya kujifunika uso ikaenda na maji. Alimwona mkwe wake amesimama, kichwa kimeinama, anasikiliza, asithubutu kugeuka. Hapo akaelewa kwamba kijana yule atasimama hivyohivyo mpaka wote wawili wachukuliwe, kwa kumheshimu yeye.

"Matimbwa," aliita. Hakuwahi kulitamka jina lile mbele ya mwenyewe. "Mwanangu, nipe mkono."

Mkono ukaja nyuma bila uso kugeuka. Akaushika. Wakavutana polepole, miguu ikiburuzika mchangani, mpaka wakakanyaga majani ya ukingoni. Hapo Sikuzani akauachia, na Matimbwa akaenda zake.

Lakini watu walikuwa mbali wakitazama. Kesho yake wazee wakaketi, na wengi wakasema mila ni mila, Tabu arudishwe kwao, ingawa alikuwa na mimba. Matimbwa hakujitetea. Sikuzani ndiye aliyesimama.

"Nilimshika mimi, yeye hakunishika," alisema. "Kama kuna wa kufukuzwa bondeni, nifukuzeni mimi. Mwacheni binti yangu na nyumba yake."

Neno la mwisho lilikuwa la Mzee Ngwele. Wote walijua kwamba mkewe alizama katika mto uleule, na kwamba mkwe wao, aliyekuwa hatua chache mbele yake, hakugeuka. Watu walimsifu sana kijana yule kwa adabu yake.

"Mama," Ngwele aliuliza, "mlipofika nchi kavu ulifanya nini?"

"Nilimwachia."

"Basi hapana kosa." Akatazama chini. "Na yule mkwe wangu, kama angemshika mama mkwe wake siku ile, nisingemlaumu."

Mkwe wa Ngwele alikuwa ameketi nyuma ya watu. Aliinuka taratibu, akaenda kulilia nyuma ya ghala, na hakuna aliyemfuata.

Tabu akabaki kwake. Na kuanzia hapo hata leo, wanaume na mama wakwe zao katika bonde la Lukwizi hupeana mikono majini, na huachiana mara tu nyayo zinapogusa ardhi kavu. Neno nalo likakua. Kwanza watu walisema "walishikana" kwa wale wawili, baadaye kwa wakwe wote wanaovuka, mwisho kwa yeyote apitaye majini kwa miguu, hata akiwa peke yake. Ndiyo maana ukikutana na mtu wa bonde hilo, nguo zimelowa mpaka kiunoni, ukamwuliza amepitaje mtoni, atakwambia ameshikana. Usimwulize na nani.