Jina la Bi Mwanatumu

Hapo zamani, na wewe unayependa vya kung'aa sogea karibu usikie vizuri, palikuwa na mfinyanzi aitwaye Bi Mize. Hakujaliwa mtoto. Akafinyanga mabinti wawili wa udongo, akamwomba Mungu, wakapumua.

Wa kwanza alimfinyanga kwa udongo laini mtupu, uliochekechwa mara saba. Akamsugua kwa kokoto mpaka akang'aa. Lo, uzuri ule! Akamwita Mapambo. Wa pili alimtengeneza kwa udongo uliobaki, uliochanganywa na vigae vilivyopondwa. Pua upande, sikio moja kubwa. Huyo akamwita Makombo.

Sasa, mfinyanzi yeyote anajua: udongo usio na vigae hauvumilii moto, hupasuka. Bi Mize alijua pia, ila uzuri ulimsahaulisha.

Harusini alikwenda na Mapambo. Kuni alitumwa Makombo. Mapambo aliitwa "mwanangu", Makombo aliitwa "wewe". Na lilikuwapo jina la marehemu mama mzazi wa Bi Mize, Bi Mwanatumu. Binti atakayepewa jina hilo, Bi Mize mwenyewe angemwita mama. Mtaa mzima ulijua litakwenda kwa nani.

Siku moja Bi Mize alikuwa akichoma vyungu. Akateleza, akaangukia motoni, kanga ikashika moto. Mapambo akajitosa! Akamwinua mama kichwa asiungue uso, huku vidole vyake vikipasuka kimoja kimoja, pa! pa! pa! Nguvu zikamwishia. Hapo ndipo Makombo alipotokea na mzigo wa kuni. Akautupa, akaingia, akawabeba wote wawili.

Bi Mize alipona. Alilia, akamshukuru Mungu, akawakumbatia wote kwa pamoja.

"Ahsanteni wanangu," akasema, na Makombo hakuwahi kuitwa hivyo. "Roho yangu ni yenu. Lakini jina ninalo moja tu. Nimpe nani?"

Mapambo akasema, uso nyufa tupu, mikono haina vidole: "Mama, nilijua moto utanivunja. Nikaingia."

Makombo akasema: "Mama, ni kweli, mimi moto hauniumizi. Lakini mwenzangu alimkimbilia mama aliyempenda. Mimi nilimkimbilia mama asiyenipenda."

Bi Mize akawatazama, machozi yanamtiririka, shukrani zimemjaa kifua.

Haya, semeni ninyi, na msinitazame mimi: Bi Mize amwite nani mama?