Kinu Kitupu cha Zimwi

Sogeeni, wanangu, moto ungali hai. Mmekaa? Basi sikieni.

Naelijwa, mjane, alikuwa na mwana mmoja, Elikunda. Jirani yao Mrindoko alimuua katika ugomvi wa mfereji wa maji. Matanga hayajaanuliwa, zimwi likaja limebeba kinu.

"Pole, mama. Kitwange hivi hivi kitupu, utaje jina la Mrindoko. Atakufa papo hapo."

Nanyi mnajua, kwetu hakuna atwangaye kinu kitupu. Ni kuita msiba.

"Ondoka nacho," alisema Naelijwa. "Wa kuhukumu ni Mungu."

Kesho yake likarudi. "Mrindoko anakucheka, mama. Anamwagilia migomba yake."

"Amwagilie. Ondoka."

Siku ya tatu lilikuja na kinu chake, limevaa shati la Elikunda. Hapo mama alikisogelea kinu. Akaushika mchi. Akauinua.

"Taja," likanong'ona zimwi.

Naelijwa akamimina mahindi kinuni, kisha akatwanga. Twi, twi, twi. "Ee Mungu, Mrindoko namwacha mikononi mwako. Yangu isiguse damu."

Kile kinu kikapasuka.

"Kumbe hukumpenda mwanao," likafoka zimwi.

"Nilimpenda. Nimeshanyang'anywa yeye, na moyo wangu sikupi wewe. Vua shati la mwanangu."

Zimwi likavua, likaenda zake porini likiwa uchi. Mama akalikung'uta shati, akaokota mahindi yake punje kwa punje, akaenda kuyatwanga kwenye kinu chake mwenyewe.

Ngano yangu imelala. Funikeni moto, tusali.