Wale Ambao Hukuwaoa

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja, jina lake Tusekile, mwenye duka dogo la mtaani: sukari, sabuni, mafuta ya kupimia, chumvi. Mzigo wake aliununua kwenye ghala moja kubwa nje kidogo ya mji. Ghala hilo lilikuwa mali ya kampuni yenye supamaketi karibu kila mkoa, lakini si kila mtu aliruhusiwa kuingia na kununua. Ulikuwa unalipa ada ya uanachama kila mwaka, unapewa kadi, ndipo unauziwa kwa katoni na kwa bei ya chini. Wenye maduka walikuwa wanachama, mama lishe walikuwa wanachama, hata wapishi wa shule.

Msimamizi wa ghala alikuwa Ambakisye, mume wa Tusekile. Watu walimwita Baba Lugano, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mtu wa heshima zake, na kanisani ana kiti chake mbele.

Jumapili moja, wametoka ibadani, wako mezani na sahani za wali, Ambakisye akamwambia mkewe, "Mama Lugano, mwaka huu usilipie kadi. Anza kuchukua mzigo kwa wale wauzaji wa jumla wa barabara ya stendi."

"Kuna nini?"

"Makao makuu wanavutana. Wengine wanataka ghala liuzwe, wengine lifungwe, wengine libaki. Supamaketi hazina shida, shida ni sisi. Haijulikani mwakani tutakuwepo au hatutakuwepo."

Tusekile akaweka kijiko chini. "Mbona ninyi mnatangaza kwamba atakayelipia miaka miwili anapewa mfuko wa sukari?"

"Tumeagizwa tukusanye wanachama."

"Na hao wengine, umewaambia?"

Ambakisye akacheka kidogo. "Hao wengine sikuwaoa mimi."

Mmesikia? Mtu ametoka kushiriki mkate na watu saa nne asubuhi, na saa nane mchana anasema hao sikuwaoa.

Tusekile alimaliza wali wake. Akaosha vyombo. Keshoye akaenda ghalani kuchukua katoni za sabuni alizokuwa ameagiza. Akakuta foleni imefika mlangoni. Sauti ya mumewe inatoka kwenye kipaza sauti: "Wanachama wetu, msiwe na wasiwasi! Tupo, na tutaendelea kuwepo!" Mbele yake alisimama Sekela, mjane anayewapikia mafundi ujenzi, wanayeimba naye kwaya moja. Sekela alikuwa ameuza mbuzi wake apate ada.

"Mama Lugano," Sekela akamwambia, "afadhali nimekuona. Baba Lugano ndiye mkubwa hapa. Nilipie miaka miwili kabisa?"

Ninyi mngemjibu nini? Msiharakishe. Mume yuko ndani, kazi ya mume ndiyo inayosomesha watoto, na mtu anakuuliza swali unalolijua jibu.

Tusekile akajibu, "Kila mtu na uamuzi wake, dada."

Foleni ikasogea. Sekela akafika kaunta, akaanza kufungua fundo la kanga. Tusekile akaviona vile vidole, vimeungua ungua na masufuria, vinahangaika na fundo. Akashindwa. Akamshika mkono kwa nguvu.

"Usilipe! Wenyewe hawajui kama mwakani watakuwepo!"

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Ambakisye akatoka ofisini uso umemwiva. "Mama Lugano! Unajua unachokifanya?"

"Najua. Ninafanya kazi iliyokuwa yako."

Mfanyabiashara mmoja mtu mzima akatoka kwenye foleni. "Baba Lugano, ni kweli anachosema mkeo?"

Ambakisye akatazama sakafu. "Sijui, mzee wangu. Haki ya Mungu sijui. Hata mabosi hawajui."

"Sasa kama hujui, kwa nini usiseme hujui? Sisi ni watu wazima. Tungejua la kufanya."

Watu wakaondoka, mmoja mmoja, na kadi zao zilizokwisha muda. Sekela akafunga fundo lake akaondoka nao.

Mnangoja niwaambie ghala lilifungwa, ili Tusekile aonekane ana haki. Halikufungwa. Baada ya miezi kadhaa makao makuu wakaamua libaki. Ambakisye akarudi nyumbani anatamba. "Umeona? Umenidhalilisha bure mbele ya watu!" Na mtaa ukamuunga mkono: mwanamke gani huyo, hana kifua. Wazee wa kanisa, ndiyo, wazee wa kanisa, wakamwita Tusekile kwenye kikao ili amwombe mumewe radhi.

Tusekile akasimama mbele yao. "Radhi nimekwisha kuiomba," akasema.

"Kwa nani?" mwenyekiti akauliza. "Mumeo hajaisikia."

"Kwa Sekela. Aliniuliza swali nikamjibu kila mtu na uamuzi wake. Kwa ajili ya maneno yale nilimwomba radhi, akanisamehe. Kama kuna mwingine katika kikao hiki anayetaka kumwomba Sekela radhi, nyumba yake mnaijua." Akachukua mtandio wake, akatoka.

Ndugu zangu, mimi nina hasira, na sitaificha. Sina hasira na mabosi wa mbali wasiojua la kuamua. Kutojua si dhambi. Nina hasira na sisi! Sisi tunaojua kiwanja kina kesi, tukamnong'oneza shemeji, halafu tukamtazama mgeni akikinunua. Sisi tunaojua yule kijana anapiga wanawake, tukamkataza binti yetu, na binti wa jirani tukampigia vigelegele siku ya harusi. Huo tunauita ustaarabu. Tunasema, hayanihusu. Mambo yakiisha salama tunajipongeza, kana kwamba bahati nzuri imeugeuza uongo wetu kuwa kweli.

Ghala kubaki wazi hakukumfanya Ambakisye kuwa mkweli hata kidogo. Siku ile pale ghalani, hakujua litabaki. Alijua jambo moja tu: kwamba mkewe ni wa kuonywa na Sekela si wa kuonywa.

Mungu hatakuuliza ulimwambia nini mkeo. Hata wapagani huwaambia wake zao. Leo kuna mtu amekaa katika benchi lako, na kuna jambo unalijua ambalo yeye halijui, na linamhusu. Geuka umtazame. Sitafunga ibada hii kwa wimbo. Nitanyamaza hapa madhabahuni, na ninyi mwambieni.