Punje ya Katikati ya Ungo

Wapendwa, palikuwa na mkulima mmoja, mtu wa majigambo kama mimi, ila mimi ninayo sababu.

Enzi za baba yake, Kilimia kikionekana, lile fungu dogo la nyota za majira ya kulima, nyumba nzima iliteremka shambani. Watoto saba, bega kwa bega, kila mmoja akachimba shimo lake la kwanza, mama yao akiimba nyuma yao. Mkulima hakuyasahau mashimo yale saba. Lakini sita walihamia mijini, akabaki yeye.

Ndipo dada yake mjane akamwandikia: "Kaka, nirudi nilime kipande cha mama. Huku nimepanga chumba, lakini kila Kilimia kikionekana nachimba shimo kwenye ndoo ya udongo, napanda punje yangu moja."

"Kichaa cha ndoo hicho!" mkulima akamcheka. "Aliyeondoka si wetu tena. Wa nyumbani ni mimi niliyekaa."

Binti yake, anayesomea nyota chuoni, alikuwa akichambua kunde naye barazani.

"Baba, nikuonyeshe Kilimia?"

"Mchana huu? Chuo kimekuharibu, mama."

Binti akapanga kunde juu ya ungo, kila punje nyota. "Sisi tunaziona zimetulia, kumbe zote zinatembea. Wataalamu wamezipima. Tazama zitakavyokwenda kwa maelfu ya miaka."

Akazisogeza moja moja. Zote zikaelekea upande mmoja, hata zile za ukingoni. Moja tu, iliyokaa katikati kabisa, ikakatiza kati ya wenzake, ikaenda kivyake, ikadondoka sakafuni.

"Hiyo imepotea?"

"Haikuwa ya kundi, Baba. Iko mbali sana nyuma yao, macho yetu ndiyo yaliyoiweka katikati. Nyota za kundi hujulikana kwa kule zinakokwenda pamoja."

Mkulima akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Mwaka wa tisa huo anakodi trekta. Kilimia kikija, yeye yuko kitandani anakoroma. Shimo la mwisho alichimba lini?

Akainama, akaiokota ile punje.

"Mwandikie shangazi yako aje," akasema. "Na mwambie... anisogezee nafasi kwenye mstari."

Shule niliiacha darasa la sita, wapendwa, lakini hili nimelielewa. Wewe mzee wa benchi la mbele, unajivunia miaka arobaini humu kanisani? Kunguni wa benchi hilo amezaliwa humu humu, je, tumbatize? Mnacheka! Na yule dada tuliyemfuta kwenye orodha ya washirika kwa kuwa haonekani, nani anajua anapiga magoti chumba gani, mbele ya ndoo gani?

Sisi tumekaa, tena tumekaa vizuri. Lakini Bwana akiushika ungo wake leo, akatusogeza mmoja mmoja, tutaelekea wapi?