Kibuyu Kitupu cha Fisi

Mwaka ule wa ukame hata chura alisahau kuimba. Chakula cha maana kilichobaki mwituni kilikuwa chungu kimoja cha samli ya Mfalme Simba, na mlinzi wake alikuwa Sungura. Asubuhi moja chungu kikakutwa kikavu, kimerambwa hata kwa nje.

Simba akatangaza kwamba samli ionekane kabla jua halijatua, la sivyo atamla mlinzi, masikio na yote. Sungura akaogopa, tena sana, wala hakuona haya kuogopa. Lakini macho yake hayakuacha kazi. Yakatua kwa Fisi, aliyeketi karibu na moto wa baraza amekumbatia kibuyu kilichozibwa kwa gunzi na nta.

"Changu kitupu," Fisi akasema kabla hajaulizwa. "Kama kina samli, mbona hainuki?"

Sungura akamweleza Simba kwamba hewa ni vijichembe visivyoonekana, vimeachana mbalimbali, kila kimoja kinakimbia kivyake. Vinagongana, vinagonga kuta, vinaruka tena bila kuchoka wala kupunguza mwendo, na vikipata joto huzidisha mbio. Wanyama wakamcheka. Twiga akauliza kama ndivyo vilivyomjaa kichwani.

"Basi, Bwana Fisi," Sungura akasema, "kama kibuyu ni kitupu, hamna cha kugonga kuta. Kisogeze motoni, tuone kama kizibo kitatulia."

Fisi alicheka mpaka machozi. Kwake yeye hewa si kitu, kwa kuwa hailiwi, na samli haina miguu ya kukimbilia. Akakisogeza motoni kwa mikono yake mwenyewe.

Kitambo kidogo tu, gunzi likafyatuka na kumpiga puani. Upepo haukuwapo, hata jani halikutikisika, lakini harufu ya samli ikazagaa huku na huku, ikampitia Twiga, ikamfikia Simba.

"Umenionea," Fisi akalalamika. "Umesema kitupu hakifyatui."

"Nilikudanganya kidogo," Sungura akajibu. "Hata kitupu kingefyatua, maana hewa imo. Mimi nilitaka kizibo kitoke tu. Harufu inajua kutembea yenyewe."

Simba akamtimua Fisi mbio mpaka ng'ambo ya mto mkavu. Mpaka leo Fisi akiona moto hujitenga nao, na husingizia kwamba anaogopa kuungua. Sungura anajua anachokiogopa.