Ukoko wa Bwana Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula au hamjala? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Sogeeni. Na wewe baba uliyeegemea mlango, ingia ukae, hadithi si ya watoto peke yao. Ya leo inakuhusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika kwa vyungu, palikuwa na Bwana Ngiri. Alikuwa na mke, Bi Mize. Alikuwa na watoto. Na alikuwa na pua. Pua ndefu, pua pana, pua inayofika kabla ya mwenyewe.

Basi kila mwaka mpunga mpya ukishatwangwa, wanyama walikuwa na sikukuu. Kila nyumba inapika. Bi Mize alikuwa akipika wali wa nazi. Anakuna nazi, kwaa kwaa kwaa. Anakamua tui. Anaweka makaa chini, anaweka makaa juu ya mfuniko, anakaa pembeni anaimba. Wali unaiva taratibu, na chini ya chungu unafanyika ukoko. Mnaujua ukoko? Aa, mnameza mate! Basi huo huo. Mwekundu, mkavu, una chumvi, una nazi, ukiuma unalia kacha!

Sheria ya nyumba ile ilikuwa hivi: wali ni wa kila anayekuja, ukoko ni wa wenye nyumba. Kila mmoja ana kigoda chake kuzunguka chungu. Lakini ukiacha kigoda chako kitupu siku ya sikukuu, jirani anakikalia. Na akishakikalia, ukoko wako anakula yeye mpaka mpunga mpya wa mwaka mwingine. Sheria kali, eeh? Ukoko si mchezo.

Jirani mwenyewe alikuwa Nguchiro. Mwembamba, macho mekundu, mdomo haufungi. Kila sikukuu anachungulia uani kwa Ngiri. "Jirani, kigoda kipo? Kimekaliwa? Haya, nilikuwa nauliza tu."

Mwaka huo, asubuhi ya sikukuu, akaja mjumbe wa Chui. "Bwana Ngiri, Chui anafanya karamu. Wakubwa wote watakuwepo. Na wewe umealikwa."

We! Ngiri akavimba. Akapaka mafuta pembe zake. Akatembea uani, huku na huku, tii tii tii.

Bi Mize akasema, "Baba watoto, leo sikukuu. Nazi nimeshakuna."

"Wali, wali, kila sikukuu wali! Mimi leo ni mgeni wa Chui. Nitakula na wakubwa."

"Na ukoko wako?"

"Mpe umtakaye. Mpe hata Nguchiro!"

"Nimesikia!" Kichwa cha Nguchiro hicho juu ya ua. "Watoto, mmesikia? Bi Mize, umesikia? Kuku, mmesikia?" Kila mtu alikuwa amesikia. Ngiri akaenda zake, hata hakugeuka.

Kufika kwa Chui, akakuta wageni wamekaa mstari mmoja. Akakalishwa. Akamgeukia Kongoni, "Habari za nyumbani?" Kongoni akamwambia, "Shh. Hapa hatuzungumzi." Akacheka. "Shh. Hapa hatucheki." Basi akakaa kimya kama gunia la mkaa.

Chui akasimama. Akahutubia. "Mimi Chui. Madoa yangu haya. Babu yangu Chui. Madoa yake yale." Madoa, madoa, madoa! Jua likapanda, tumbo la Ngiri likalia ngurrr. Wageni wote wakamtazama. Akajifanya ni la Kongoni.

Mwishowe chakula kikaja. Sahani kubwa, juu yake kawa, kifuniko cha ukili kilichosukwa kwa rangi, kizuri kweli kweli. Ngiri akafunua. Chini yake kipande cha kiazi. Kimoja tu, kiko katikati ya sahani, baridi, hakina chumvi. Akakila. Akatazama kama kuna kingine. Hakuna.

Chui akaja akasimama mbele yake. Akamtazama mapaja. Akamtazama tena. "Bwana Ngiri," akasema kwa upole sana, "siku hizi umenenepa. Njoo na mwakani."

Jamani! Ngiri jasho likamtoka mpaka kwenye kwato.

Na hapo hapo upepo ukavuma kutoka nyumbani kwa Ngiri. Pua ile ikasimama. Nazi! Makaa! Wali unaepuliwa! Na akili ikamwambia, kigoda chako kitupu, mjinga wewe. Nguchiro akikikalia, utakaa mwaka mzima unamtazama anatafuna.

"Tumbo!" akapiga kelele. "Samahani, tumbo!" Akaruka, akatoka, mkia juu, pururuuu! Alikimbia na kawa la Chui mkononi, hata hana habari.

Karibu na nyumba akasimama. Aibu ikamshika. Atasema nini? Nguchiro atamcheka mpaka azeeke. Basi mnajua alifanya nini? Alivunja majani makavu ya mgomba akajizungushia mwili mzima. Lile kawa akalivaa kichwani, likashuka mpaka puani. Akakohoa, akabana sauti. Watoto, msicheke, yeye alijiona mjanja.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu!" Bi Mize akatoka. Akamtazama. Majani, kawa, na nyuma mkia umesimama wima, na kile kishungi chake juu. Akajiuma mdomo. "Karibu, mgeni. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Bwana Kawa. Natoka mbali, mbali sana."

"Masikini, pole na safari. Watoto, mwamkieni mgeni."

"Shikamoo, Bwana Kaaawa!"

"Marahaba, wanangu. Yaani, wana wa wenyewe."

Akatandikiwa mkeka, mbali na chungu, pahali pa heshima. Akanawishwa mikono. Akaletewa wali wa juu, mweupe, na mchuzi wa kunde. Ngiri akanusa, akasahau kila kitu. Puu! Magoti ya mbele chini, akaanza kula.

Kitinda mimba wao, Kijino, akasema, "Mama! Mgeni anapiga magoti kama baba!"

"Nyamaza, kwao ndivyo wanavyokula. Ongeza, Bwana Kawa, usione haya."

Ngiri akala. Halafu akasikia. Kwaru. Akaacha kutafuna. Kwaru, kwaru. Watoto walikuwa wamevuta vigoda, mwiko uko ndani ya chungu. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Bi mkubwa, hiyo sauti ni ya nini?"

"Ah, ukoko tu huo."

"Naomba kidogo."

"Yarabi! Mgeni nimpe ukoko? Watu watanisema nini? Mgeni namkwangulia chungu!" Akammiminia wali mweupe, upawa mzima.

"Kwetu mgeni hupewa ukoko."

"Kwetu ni aibu, mgeni wangu. Ukoko ni wa wenye nyumba." Akammiminia upawa mwingine. Wali ukawa mlima. Nyuma ya mlima, Ngiri, machozi yanamlengalenga.

Nguchiro naye akaja mdogo mdogo. Akakishika kigoda cha Ngiri. Akakifuta vumbi. Akakizunguka. "Bi Mize, mwenyewe hayupo?"

"Yuko kwa Chui, na wakubwa."

"Basi nikae?" Akainama kidogo. "Nikae?" Akainama tena, anamtazama Bwana Kawa kwa pembe ya jicho. Lile tako likabakiza unywele kugusa kigoda.

"Usikae!" Kawa likaruka kule, majani yakaruka huku. "Nipo! Mimi si mgeni! Mimi ni Ngiri! Mimi ni mume wako, baba wa hawa, hiki kigoda changu, nimekichonga mwenyewe! Karamu ya Chui haina chumvi, haina kucheka, haina lolote! Sitaki wali wa heshima. Mimi nataka nyumbani kwangu!"

Bi Mize akapiga makofi. "Ala! Kumbe ni wewe! Sasa mbona umebisha hodi kwako?" Wakacheka wote, watoto wakagaragara chini, Nguchiro akashika mbavu. Ngiri akataka kununa. Akashindwa. Akacheka yeye kuliko wote, na akakaa kwenye kigoda chake, tii!

"Kigoda sawa," akasema Nguchiro, anapangusa machozi ya kicheko, "lakini ukoko wa leo ulinipa mbele ya watu. Hata kuku wanajua."

"Ni kweli," akasema Bi Mize. "Umetoa, umetoa." Akambandulia Nguchiro kipande kizima cha Ngiri, kikubwa, chekundu. Kacha! Nguchiro akala pale pale, polepole, anafumba macho makusudi.

Ngiri akachungulia chunguni. Kitupu. Akashika mwiko, akakwangua, kwaru kwaru, hakuna. Hapo Kijino akashuka kwenye kigoda chake. Akavunja kipande chake, kimeshaumwa upande mmoja, kina mate. Akamtia baba yake mdomoni.

Kacha!

Ngiri alimpakata mwanawe, akatafuna mpaka jua likaanza kushuka, na hata karamu zote za Chui zingeletwa pale, asingeinuka.

Basi mafunzo ni haya, nayasema wazi, asije mtu akasema hakusikia: raha unayoikimbilia kwa wakubwa umeiacha jikoni kwako, kwa wanaokupenda. Kwa watu wewe ni mgeni. Kwenu ndiko unakopewa ukoko.

Na mpaka leo, ukimwona ngiri anakimbia mkia juu, umsimamishe usimsimamishe, hasimami. Kasikia kwaru kwaru.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini kabisa ya chungu. Aliyebakiza wali akaumalize, na ukoko mniletee mimi.