Mche Mmoja, Milango Mitatu

Mwenye masikio asikilize. Mwenye ubishi aukalie kwanza, utahitajika mwishoni.

Katika chuo kimoja cha Kagera walikuwako watu watatu. Dakta Kemilembe alikuwa na jicho: akitazama jani la mgomba, anakwambia linaumwa nini. Bi Atugonza, mkutubi, alikuwa na moyo wa kutunza: tangu aajiriwe hakutupa karatasi hata moja. Mutalemwa wa kompyuta alikuwa na mikono: mashine iliyomkatalia kila mtu, yeye aliibembeleza ikakubali.

Mnyauko, ugonjwa unaokausha migomba, ulipoingia kijiji cha Bushara, Kemilembe alishinda mashambani miaka minne. Akagundua kuwa ugonjwa ulisafiri na visu vya kupogolea, akapima kisu kikae motoni muda gani kabla ya kugusa mgomba mwingine. Jarida la ng'ambo likaichukua makala yake. Akasaini mkataba bila kuusoma, kama wasainivyo wasomi wote huku wakiwakemea wanafunzi wasiosoma. Chuo kikamkatia keki.

Kisha akaja Mama Kokwijuka, mwenyekiti wa wakulima wa Bushara. Wauza dawa bandia walishawatapeli mara mbili, kwa hiyo watu wake hawakutaka tena maneno ya mdomo. Walitaka maandishi ya chuo yenyewe. Kemilembe akampeleka maktabani, akafungua tovuti ya jarida kwa mbwembwe. Ikamtaka alipie kusoma sentensi zake mwenyewe. Na kompyuta yake yenye nakala ilishaibiwa.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema Mama Kokwijuka, "wewe kuisoma migomba yetu ni bure, sisi kukusoma wewe haiwezekani?"

Hapo ndipo alipoinuka Bi Atugonza. Kwake hakuna aliyegongewa muhuri wa kupanda cheo mpaka alete nakala ya mwisho ya makala, ile iliyokubaliwa kabla jarida halijaipamba. Walimu waliiita ofisi yake jalala, na Kemilembe alicheka kuliko wote. Bi Atugonza akavuta droo, akatoa flashi yenye kibandiko cha jina la Kemilembe. Akaiweka kiganjani mwa yule aliyecheka kuliko wote.

Lakini makala iliyo kwenye droo humsaidia nani? Tena hakuna aliyejua kama ni halali kuitoa. Mutalemwa alikuwa ametengeneza programu ya kusoma masharti ya majarida. Ikajibu: nakala ya mwandishi ruksa baada ya mwaka, na mwaka ulishapita. Mutalemwa akaiweka nakala hiyo mtandaoni, wazi kwa dunia nzima, kisha akaiwezesha programu kuisoma kwa Kiswahili kwa yeyote apigaye namba ya chuo, hata kwa simu ya kitochi.

Msimu uliofuata, kila jiko la Bushara lilikuwa na kisu motoni, na migomba ikasimama. Siku moja sokoni Kemilembe alisikia utafiti wake ukisomwa kwenye simu ya muuza nyanya. Akajifanya anachagua nyanya mpaka ikafika mwisho.

Mama Kokwijuka akarudi na mche wa mgomba. Kwa desturi ya Bushara, shamba likipona, mche wa kwanza hupandwa mlangoni kwa aliyeliponya. Mche mmoja, mlango mmoja.

Mutalemwa akasema bila makala programu yake ingesoma hewa. Bi Atugonza akasema bila programu droo yake ingebaki jalala. Wakamgeukia Kemilembe, wakingoja naye akatae kwa adabu.

"Mimi nautaka," akasema Kemilembe. "Na nyinyi mnautaka. Tusidanganyane mbele ya mgeni."

Mama Kokwijuka akacheka, akaulaza mche mezani, udongo wa Bushara ukamwagikia mafaili. "Haukatwi vipande," akasema, "na jua lisizame haujapandwa."

Aliyegundua, aliyetunza, aliyefungua. Mmoja akikosekana, Bushara ni majani makavu. Jembe hilo hapo, na jua linateremka. Je, wewe ungechimba shimo mlangoni kwa nani?